Namna ninavyoirudia Moby-Dick

Ukitaka kuirudia Moby-Dick, riwaya ya Herman Melville juu ya merikebu ya kuwinda nyangumi, usianzie sura ya kwanza. Anzia mwisho kabisa, kwenye ule ukurasa mmoja unaofuata sura ya 135, na uusome kwa sauti, polepole. Humo utakuta merikebu Pequod imekwisha kuzama na watu wake, na baharia mmoja anaelea juu ya jeneza karibu mchana kutwa na usiku kucha, mpaka merikebu nyingine inamwokota. Ukishaujua mwisho huo ndipo urudi mwanzo. Sasa kila neno utakalolisoma unajua linatoka kinywani mwa nani: mtu aliyewaacha wenzake wote chini ya bahari, anasimulia peke yake.

Nasema hivi kwa lililonipata. Mwaka 1986, nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam, niliazima nakala ya riwaya hii ya Herman Melville ambayo karatasi yake ya mwisho ilikuwa imenyofoka. Kwa miaka 17 niliamini kwamba msimulizi naye alizama. Nakala kamili niliipata mwaka 2003, nikiwa mwalimu wa Kiingereza hapa Tanga, na ukurasa ule niliusoma nimesimama, mkoba bado uko begani. Baadaye nikajua kwamba wasomaji wa kwanza kabisa walikuwa na kasoro ile ile mikononi. Kitabu kilitoka kwanza London, Oktoba 1851, katika juzuu tatu, kikiitwa The Whale, na ukurasa wa mwisho haukuwamo. Wahakiki wakauliza: ikiwa wote wamekufa, nani kayaleta maneno haya? Toleo la New York lilitoka Novemba mwaka huo huo likiwa kamili, lakini baadhi ya lawama za London zilikwisha kuvuka bahari.

Basi kagua nakala yako kabla ya lolote. Iwe na sura 135, mbele yake kurasa za asili ya neno nyangumi na madondoo mengi kutoka vitabu vingine, na nyuma ule ukurasa mmoja. Haki ya kuchapisha ilikwisha zamani, kwa hiyo kitabu kizima unakipata bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kwenye simu. Mimi napenda cha karatasi kwa sababu ya penseli. Chukua na daftari la kurasa 96, na ramani ya dunia. Ramani ni ya lazima. Pequod inatoka Nantucket, kisiwa cha jimbo la Massachusetts, inapita Azores, inazunguka Rasi ya Tumaini Jema, inaikata Bahari ya Hindi hadi mlango wa Sunda, ndipo iingie Pasifiki. Sura ya 44 inataja mawindo ya Ushelisheli kuwa mahali ambapo Moby Dick, nyangumi mweupe anayewindwa humu, aliwahi kuonekana. Nilipoliona jina hilo mwaka 2003 niliweka kidole Ushelisheli, nikakiburuta hadi Tanga, na kitabu kikaacha kuwa cha mbali. Massachusetts hiyo hiyo ndiyo iliyofuma shuka la pamba ambalo bibi zetu waliliita merikani. Merikebu za Salem zilileta kitambaa hicho Unguja, na konseli wa kwanza wa Marekani pale, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara wa mji huo wa Salem.

Ratiba yangu ni sura mbili kwa siku, baada ya sala ya alfajiri kabla nyumba haijaamka. Hiyo inakupa siku 68. Usiogope hesabu hiyo, maana sura nyingi ni kurasa mbili tatu, na ile ya 122 ni mistari michache tu. Haraka haina faida humu. Merikebu haitweki tanga mpaka sura ya 22. Nahodha Ahab, yule aliyekatwa mguu na nyangumi, hatokezi juu ya sitaha mpaka ya 28. Nyangumi mwenyewe haonekani mpaka ya 133. Msomaji wa mara ya kwanza huteseka kwa kungoja. Anayerudi hana anachongoja, na hapo ndipo anapoanza kusikia.

Sasa jambo la kusikiliza. Mara ya kwanza kila mtu humfuata Ahab na kisasi chake, na ni haki, kwa sababu Ahab anavuta kama mkondo. Mara ya pili mfuate msimulizi. Sentensi yake ya kwanza ni maneno matatu ya Kiingereza, nami huwaomba wanaosoma nami wayatafsiri kabla hawajaendelea. Niite Ishmael. Au ni Niiteni? Kiingereza hakisemi kama anazungumza na mtu mmoja au na umati. Kiswahili kinakulazimisha uchague, na ukichagua umekwisha kuamua riwaya nzima inasemwa wapi: kwenye kona, mwenzako kainama sikioni mwako, au barazani mbele ya watu. Mwaka 2003 niliandika Niiteni. Sasa naandika Niite, kwa sababu namwona mtu aliyepoteza jahazi zima na anatafuta sikio moja.

Na jina lenyewe. Katika Mwanzo, Ishmaeli ni mtoto aliyefukuzwa jangwani pamoja na mama yake, na hiyo ndiyo maana Melville aliyoitegemea kwa wasomaji wake. Mimi niliyesoma chuo cha Kurani utotoni, Ismaili ni nabii, mtoto aliyekubali kulazwa chini ya kisu cha baba yake. Sikuitupa maana yangu ili nipokee ya mwandishi. Niliziacha zote mbili zikae, na nikaona kwamba baharia huyu anaelekea machinjoni kwa amri ya mzee mmoja ambaye kisu chake hakikuzuiliwa. Fanya hivyo na majina mengine pia. Ahab ni mfalme mwovu wa Israeli, na mtu anayewaonya gatini kabla hawajapanda anaitwa Elijah, kama nabii aliyemkemea mfalme huyo. Mahubiri ya sura ya 9 ni kisa cha Yona, ambaye kwetu sisi ni Yunus.

Sura ya 17 ilinichoma. Imeitwa Ramadhani, na kinachoelezwa humo ni mfungo wa Queequeg, mpiga chusa kutoka kisiwa cha Bahari ya Kusini, anayechuchumaa kutwa kucha na kisanamu chake kichwani. Hiyo si Ramadhani. Mwaka 1986 nilifunga kitabu kwa siku mbili. Niliporudia nilisoma kwa makini zaidi, nikaona kwamba anayelitumia neno hilo ni kijana asiyeijua dini yoyote isipokuwa aliyozaliwa nayo, anavunja mlango kwa hofu, kisha anakaa kumhubiria mwenzake juu ya afya ya tumbo, na mwenzake anamtazama kwa huruma. Bado neno limekosewa na bado linauma. Liandike daftarini mahali panapouma, andika na kwa nini, usilisamehe upesi wala usiache kusoma kwa ajili yake.

Andika pia swali moja ambalo utalirudia kitabu kizima: Umejuaje? Kuanzia sura ya 37 hadi 40 masimulizi yanageuka mchezo wa jukwaani. Ahab yuko peke yake chumbani anazungumza na nafsi yake, Starbuck, msaidizi wake wa kwanza, yuko peke yake chini ya mlingoti, na sisi tunasikia yote. Ishmael hakuwapo. Kila unapokuta jambo ambalo hakuweza kulisikia, tia alama ya penseli pembeni. Nakala yangu ina alama nyingi kiasi kwamba nimeacha kuzihesabu. Wahakiki wa zamani waliona hapo kasoro ya ufundi. Mimi, kwa kuwa nimeanzia ukurasa wa mwisho, naona mtu aliyebaki hai akiwatungia wafu wake maneno, kwa sababu asipowatungia hakuna atakayewasikia tena. Hili ndilo ninalotaka ulipate katika kurudia, hata ukikosa mengine yote.

Nikufikishe kwenye sura unazozikumbuka kwa kuziruka. Zipo, nazo ni nyingi: aina za nyangumi, kichwa chake, mkia wake, kamba, majungu ya mafuta. Ya 32 inawapanga nyangumi kama vitabu kwa ukubwa wa karatasi, na inashikilia kwamba nyangumi ni samaki. Usiisome peke yako chumbani. Tafuta mtu anayeijua kazi inayosimuliwa, umsomee. Mimi nilikuwa na baba yangu, mvuvi wa Kigombe tangu ujana wake, ambaye kati ya Julai na Oktoba aliwaona nyangumi wenye nundu wakipita, na siku zote aliwaita samaki.

Mwaka ule wa 2003 nilimtafsiria sura ya 60 barazani kwake, jioni, yeye akishona wavu. Sura hiyo ni juu ya kamba ya chusa tu. Urefu wake ni zaidi ya pima 200, na baba alitikisa kichwa, maana pima ndicho kipimo chake. Kamba inapangwa kwa mizunguko ndani ya pipa, inapelekwa tezi ikazungushwa kwenye kigingi, kisha inarudi omo ikipita urefu wote wa mashua, juu ya mipini ya makasia, katikati ya watu walioketi. Hapo akanikatiza. “Kwa nini inapita katikati ya watu?” Nikamwambia ndivyo walivyofanya. Akashika wavu kimya, kisha akasema, “Basi kuna mtu atakufa kwa kamba hiyo.” Kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu la mshipi uliokata hadi mfupani.

Nilikuwa nimekwisha kusoma kitabu kizima na sikuwa nimeliona. Katika sura ya 135 kamba hiyo ndiyo inayomnasa Ahab shingoni na kumtoa mashuani kabla wenzake hawajajua kuwa hayupo. Sura niliyoiruka mwaka 1986 ilikuwa imeshanieleza, sura 75 kabla. Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Tangu jioni ile sijaruka sura ya ufundi, na kila moja naitafutia mjuzi wake. Za 91 na 92 ni za ambari, ile tunu inayotoka tumboni mwa nyangumi mgonjwa. Nyumba za pwani zimejua harufu yake kabla ya kuwepo Marekani, na al-Masudi, msafiri na mwandishi Mwarabu, aliitaja ambari ya nchi ya Zanj, yaani pwani yetu, katika karne ya 10. Hizo nilimsomea shangazi yangu anayepika udi. Alinirekebisha jambo moja juu ya kuichanganya, nikaliandika pembeni kwa kalamu ya wino.

Halafu chagua mtu mmoja mdogo na umfuate kwa kidole. Mimi namfuata Pip, mtoto mweusi mpiga tari. Sura ya 27 inamwita mtoto wa Alabama, ya 93 inasema alizaliwa Connecticut. Hiyo ya 93 ndiyo inayofanya niirudie riwaya hii. Pip anaruka kutoka mashuani kwa woga na kunaswa na kamba, wanalazimika kuikata, nyangumi anapotea. Stubb, msaidizi wa pili wa nahodha, anamwambia kwamba huko Alabama nyangumi angeuzwa mara thelathini ya bei yake yeye. Anaporuka mara ya pili wanamwacha. Anabaki kichwa tu juu ya maji, upeo mzima wa bahari umemzunguka, na anapookotwa akili imekwenda.

Soma mstari ule wa bei ukijua mwaka wake. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka hata wakikamatwa kwenye majimbo huru. Aprili 1851, Melville akiwa bado anaiandika riwaya hii shambani kwake Pittsfield, mahakama ya Massachusetts ilikataa kumwachilia kijana aitwaye Thomas Sims, naye akarudishwa utumwani Georgia. Jaji Mkuu wa mahakama hiyo alikuwa Lemuel Shaw, baba yake Elizabeth, mke wa Melville. Mwandishi alikuwa mkwe wa nyumba ile, na bei ya mtoto akaiandika. Yapo maneno humu juu ya watu weusi ambayo siwezi kuyasoma bila kukunja uso. Lakini tazama pia sura ya 48, pale Flask mfupi, msaidizi wa tatu, anapopanda mabegani mwa Daggoo, Mwafrika, ili aone mbali, na msimulizi anasema aliyebeba alionekana mtukufu kuliko aliyebebwa.

Ukifika sura ya 99, simama. Kabla ya kuisoma, andika daftarini kile unachokiona wewe katika sarafu hii: dhahabu ya Ecuador, vilele vitatu vya milima, kimoja kinatoa moto, kimoja kina mnara, kimoja kina jogoo anayewika, na juu yake jua. Ahab aliigongomea mlingotini katika sura ya 36 iwe zawadi ya atakayemwona nyangumi mweupe kwanza. Sasa wanapita mmoja mmoja kuitazama. Ahab anaona Ahab, Ahab, Ahab. Starbuck anaona Utatu Mtakatifu. Flask anaona sigara 960, kwa kuwa ni ya dola 16 na sigara ni senti mbili. Fanya hesabu mwenyewe utapata 800. Wanafunzi wangu waliligundua kabla yangu, na tulipoteza kipindi kizima tukijadili kama kosa ni la Flask au la Melville.

Mwisho anapita Pip, aliyerukwa na akili, naye hasemi anaona nini. Ananyambua kitenzi tu: ninatazama, unatazama, anatazama, tunatazama, mnatazama, wanatazama. Nimefundisha sarufi miaka 29, nimeandika safu hizo ubaoni mara zisizohesabika, na hakuna mahali pengine nilipoona nafsi sita za kitenzi zikibeba uzito huo. Baada ya hapo rudi kwenye ulichokiandika kuhusu sarafu. Kihifadhi. Miaka minane ijayo andika tena bila kuchungulia cha kwanza, kisha uvilinganishe. Mimi ninavyo vitatu. Mwaka 2003 nilimwona jogoo tu. Mwaka 2011, mwaka aliozikwa baba, niliandika mnara na kwamba hauna mlango.

Riwaya hii yenyewe iliishi kwa watu kama hao, waliorudi kuitazama. Haikuuzika. Moto wa Desemba 1853 kwa mchapishaji wake New York uliteketeza nakala zilizobaki. Melville alifanya kazi ya ukaguzi wa forodha bandarini New York miaka 19, na alipofariki mwaka 1891 wengi walikuwa wamemsahau. Wasifu wake wa kwanza mkubwa, ulioandikwa na Raymond Weaver, ulitoka mwaka 1921, na kutoka hapo vyuo na waandishi wakaanza kuisoma upya. C. L. R. James, mwandishi wa Trinidad, aliandika kitabu chake juu ya Melville akiwa kizuizini Ellis Island, kituo cha uhamiaji cha New York, mwaka 1952, akiwatazama mabaharia kama wafanyakazi wa dunia nzima chini ya bwana mmoja aliyewageuza chombo chake. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, katika mhadhara wa mwaka 1988, aliisoma sura ya 42, ile ya weupe wa nyangumi, kuwa ni hoja juu ya weupe kama itikadi ya taifa. Waliitazama sarafu, nao. Siku hizi kila Januari watu hukusanyika kwenye jumba la makumbusho la nyangumi New Bedford wakaisoma yote kwa kupokezana, kwa muda wa kama saa 25 bila kukatiza.

Zoezi moja la lugha kabla hujamaliza. Tafsiri mabishano ya Ahab na Starbuck katika sura ya 36. Starbuck anamwona nyangumi kuwa mnyama bubu tu, kumlipizia kisasi ni kufuru. Ahab anaona nia nyuma ya uso wake. Kiingereza kinaweza kumwita kitu au kumwita yeye, na mvutano wote umekaa katika kiwakilishi hicho kidogo. Kiswahili hakina mlango huo: nyangumi alipiga, alizama, alirudi. Sarufi yetu imekwisha kumpa uhai. Nilihangaika siku nne kumfanya Starbuck wa Kiswahili aseme maneno yake bila sarufi kumuunga mkono Ahab, na katika kuhangaika huko nikaelewa jinsi nahodha alivyowateka watu wake.

Sura ya 132 hadi 135 zisome siku moja, kuanzia asubuhi, simu ikiwa chumba kingine. Katika ya 132 Ahab anadondosha chozi moja baharini, na kwa ukurasa mmoja unaamini atageuza usukani. Usimalizie ukurasa ule wa mwisho siku hiyo. Lala.

Kesho yake ufungue, na safari hii utazame jeneza. Ni la Queequeg. Alipougua katika sura ya 110 aliomba achongewe, kisha akapona, akaligeuza sanduku la nguo zake, akachora juu ya kifuniko chale zilizokuwa mwilini mwake. Chale hizo alichanjwa na mwaguzi wa kisiwa chake, ambaye aliandika juu ya ngozi yake elimu yote ya mbingu na ardhi, na Queequeg mwenyewe hakuweza kuisoma. Baadaye seremala akaliziba liwe boya. Ndilo lililoibuka kutoka kwenye kizingia kando ya Ishmael, naye amelikumbatia usiku kucha, maandishi yakiwa chini ya kifua chake.